Walirudi Kutafuta Mahali

Leo twende pamoja kwa mawazo mpaka Holmdel, mji mdogo katika jimbo la New Jersey huko Marekani, kusini ya jiji la New York. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Tony Tyson na Robert Wilson, walifanya huko kazi ambayo wengi wetu tungeiona haina faida. Walitafuta mahali. Walitaka kujua ni wapi hasa, katika uwanja mpana wa kampuni ya simu ya Bell, palipokuwa pamesimama mtambo mmoja wa mbao na mabomba zaidi ya miaka 60 nyuma. Mtambo wenyewe ulikwisha kubomolewa zamani. Kampuni ilikuwa imejenga jumba kubwa mno katika uwanja huo, lililofunguliwa mwaka 1962, na maelfu ya wafanyakazi waliingia na kutoka.

Jambo hili si geni kwetu. Katika makanisa yetu mengi vijana humwuliza mzee, ule mti ambao Wakristo wa kwanza walikusanyika chini yake ulikuwa wapi? Mzee hunyosha fimbo akasema, pale, kabla ya barabara. Akifa kabla hajaulizwa, basi, barabara ndiyo inayobaki.

Mtambo wa Holmdel ulijengwa na kijana aitwaye Karl Jansky. Alizaliwa mwaka 1905 huko Oklahoma, akasoma fizikia, akaingia kazini katika kampuni ile mwaka 1928. Alikuwa na ugonjwa wa figo, hata kampuni ilisita kumwajiri. Ilipomchukua ikampeleka shambani New Jersey badala ya kumweka jijini, kwa kuwa hewa ya huko ilidhaniwa kuwa nzuri kwa afya yake. Kwa hiyo ugonjwa ndio uliompeleka mahali pale. Tunalitaja hilo kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka.

Kazi aliyopewa haikuwa ya nyota hata kidogo. Mwaka 1927 watu walikuwa wameanza kupiga simu kutoka New York mpaka London kwa mawimbi ya redio, na dakika tatu za kwanza ziligharimu dola 75. Mtu aliyelipa fedha nyingi namna hiyo hakupenda kusikia mikwaruzo katikati ya maneno ya biashara yake. Jansky akaambiwa atafute mikwaruzo hiyo inatoka wapi. Akaunda antena yenye urefu wa mita kama 30, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford Modeli T ili izunguke polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 20. Wenzake waliita bembea ya watoto. Kalamu iliandika juu ya karatasi nguvu ya kila sauti iliyoingia.

Akapata sauti za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya radi za karibu. Ya pili ilikuwa ya radi za mbali. Hizo mbili alizitazamia. Ya tatu ilikuwa mlio mdogo, wa kuendelea tu, kama mvuke unaotoka katika birika, nao haukuhusiana na mvua wala mawingu. Haukuwa unaharibu simu sana. Mtu mwingine angeandika "mlio usiojulikana," akafunga daftari, na hakuna mkubwa wa kazi ambaye angemlaumu.

Yeye aliufuata mwaka mzima na zaidi. Kwanza alidhani unatoka kwenye jua, maana ulikuja na kwenda kila siku. Lakini kadiri miezi ilivyopita mlio ule uliliacha jua. Ulikuja mapema kidogo kila siku, kwa dakika nne hivi. Siku ya jua ina saa 24, lakini nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56, na mlio huu ulifuata saa ya nyota. Basi haukutoka duniani, wala haukutoka katika jua. Ulitoka katika ule utepe mweupe wa nyota unaovuka mbingu usiku, na nguvu yake kubwa ilikuwa upande wa kundi la nyota liitwalo Mshale, ambako ndiko kwenye kiini cha utepe huo. Kutoka huko mwanga hutumia miaka kama 26,000 kufika kwetu. Mawimbi aliyoyasikia kijana yule yalikuwa njiani kabla hakujawa na mfalme yeyote, wala mji, wala shamba la nafaka.

Sisi wa Kenya tumebahatika katika hilo. Huko Holmdel kundi la Mshale huonekana chini upande wa kusini, karibu na miti. Kwetu, katika mwezi wa Julai au Agosti, hupanda juu sana, na mtu aliye mbali na taa za mji aweza kuliona kama hakuna mawingu. Tena wale kati yenu wanaopenda kutafuta stesheni za masafa mafupi wanaujua ule uvumi unaosikika mahali pasipo na stesheni. Jansky alisikiliza kwenye masafa yaliyo karibu na megahezi 20. Hapo, sehemu ya uvumi mnaousikia ni ule ule wake.

Tarehe 15 Mei 1933 kampuni ya utangazaji ya NBC ilitia mlio huo hewani, watu wakausikia majumbani mwao. Siku kumi kabla yake gazeti la New York Times lilikuwa limeutangaza ukurasa wa kwanza. Mtu angedhani kwamba tangu siku hiyo kila chuo kikuu kiliagiza antena. La. Wataalamu wa nyota hawakuwa mafundi wa redio, na mafundi wa redio hawakuwa na haja ya nyota. Jansky alipendekeza ijengwe antena ya sinia, yenye upana wa mita 30, ili apate kutazama zaidi. Haikujengwa. Kampuni ilikwisha kupata jibu lililoihusu, yaani mlio hautaharibu simu, naye akapewa kazi nyingine.

Ndugu zake na baadhi ya waandishi walisema baadaye kwamba alizuiwa. Mkubwa wake, Harald Friis, aliandika mwaka 1965 kukana kwamba kuna aliyemzuia. Lakini barua ambazo Jansky aliwaandikia wazazi wake zinaonyesha kijana aliyetamani kurudi kwenye mawimbi ya nyota na hakupewa nafasi. Sisi tunaona kwamba huenda wote wawili walisema kweli yao. Mtu aweza kuzuiwa bila mtu yeyote kumkataza. Inatosha kila juma kupewa kazi nyingine ya lazima. Karl Jansky alifariki tarehe 14 Februari 1950, akiwa na umri wa miaka 44. Hakupata tuzo kubwa yoyote. Aliyeendeleza kazi yake kwanza alikuwa Grote Reber, mhandisi mmoja aliyejenga sinia lake mwenyewe nyuma ya nyumba, mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa tumrudie Robert Wilson, yule mmoja wa waliotafuta mahali. Ukijua habari zake utaelewa kwa nini alijali. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Arno Penzias walikuwa wakitumia antena nyingine ya kampuni hiyo hiyo, yenye umbo la pembe kubwa, juu ya kilima cha Crawford katika Holmdel hiyo hiyo. Nao pia walisumbuliwa na sauti. Hii haikufuata saa ya jua wala saa ya nyota. Ilikuwapo mchana na usiku, kila upande walikoelekeza pembe. Wakaelekeza jijini New York, wakakuta si jiji. Wakafungua viungo vya mtambo na kuvifunga upya. Ndani ya pembe walikuta njiwa wawili wamejenga kiota, na mavi yao yametapakaa. Wakawakamata njiwa, wakawapeleka mbali, nao njiwa wakarudi, kama desturi yao. Mwishowe waliuawa, pembe ikasafishwa, na sauti ikabaki pale pale.

Jibu lilipatikana mwaka 1965, walipozungumza na wataalamu wa chuo kikuu cha Princeton waliokuwa wakijitayarisha kutafuta kitu hicho hicho. Lile lilikuwa baki la joto la mwanzo wa ulimwengu, lililopoa sasa mpaka nyuzi kama 270 chini ya sifuri. Wilson na Penzias wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Mnamkumbuka kijana Samweli hekaluni, aliyeamka mara tatu akamwendea Eli kwa kudhani ndiye amwitaye. Hatusemi kwamba mlio wa Holmdel ni sauti ya Mungu. Wahandisi wenyewe wangetucheka, nao wangekuwa na haki. Lakini kudhani ni Eli, au ni jua, au ni njiwa, na bado kuamka tena, hilo walilifanya wote.

Basi mwaka 1998 Wilson, aliyeheshimiwa kwa kusikiliza, alikuwa akitafuta mahali alipokaa yule ambaye alisikiliza kabla yake bila kuheshimiwa. Pembe yake mwenyewe ilikwisha kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1989. Hata hivyo si jambo la kutegemea. Kilima cha Crawford kiliuzwa baadaye kwa mjenzi wa nyumba, wakazi wakapinga kwa nguvu, na mwaka 2023 mji wa Holmdel ukakubali kukinunua ili kiwe bustani ya watu wote. Penzias alifariki mapema mwaka 2024.

Mahali pa Jansky palipatikana. Wakasimamisha hapo mnara wenye umbo la antena yake. Ule wa zamani ulizunguka, huu umekazwa usiende popote, nao umeelekezwa kama antena ilivyoelekea tarehe 16 Septemba 1932, saa 1:10 jioni, wakati mlio ulipofika nguvu yake ya juu kabisa. Jioni hiyo Karl Jansky alikuwa hajatimiza miaka 27.