Majina mawili si mwizi: maneno yetu kwa vijana wa Kabambare



Mwaka 2023, wakaguzi wa feza za serikali, wale wa IGF, walifungua listi ya mishahara ya wafanyakazi wa Leta. Watu 145 604 walikuwa wanalipwa kwa namba za matrikile zisizo sahihi ao za kubuni tu. Wengine 53 328 walikuwa na namba wanayogawana na wenzao. Na watu 93 356 majina yao yalionekana zaidi ya mara moja.

Tuliposikia, tulisema: hii ni kazi yetu! Sisi tulisoma statistiki, diplome inalala kwenye sanduku, na huku hakuna anayetafuta mtu wa hesabu. Mu benki kubwa kuna shefu wa kazi kama hii. Anafundisha kompyuta malipo ya kawaida yakoje, halafu kompyuta inapiga kelele ikiona kitu cha ajabu. Yeye ndiye anaamua kelele ianzie wapi. Akilegeza, mwizi anapita. Akikaza sana, mtu wa haki anafungiwa mshahara.

Sasa tuangalie nyumbani. Huku tunaitana Ramazani, Saidi, Amisi, Salumu. Shule mbili za Kabambare zinaweza kuwa na walimu wawili wenye majina sawasawa kabisa, na wote wanashika chaki kila asubuhi. Kompyuta ya Kinshasa itaona mtu mmoja anayekula mara mbili. Ao walimu wa kijiji cha mbali wanatuma mwenzao mmoja awachukulie feza, sababu barabara ni mbaya na piki ni bei. Kompyuta itaona mtu mmoja anatoa mishahara ya watu kumi. Kelele tena!

Hatusemi wezi hawako. Wako, na wanakula wakati mwalimu N.U. anafundisha bila mshahara, anaishi kwa shamba la bibi yake. Lakini jina kurudia ni swali tu. Kabla ya kulifuta, mtu aende mpaka shuleni, amuone mwalimu kwa macho.

Kwa hiyo tunaomba listi ya walimu wa teritware ibandikwe mbele ya kila shule, namba za matrikile zionekane. Kuzunguka tutazunguka sisi wenyewe, tukianza na shule za hapa karibu. Mwenye piki aje nayo, mafuta tutachangia.