Tutengeneze Kwanza, Ndipo Tuuze
Hotuba ya mwanachama, fundi wa ujenzi, siku ya harambee

Wazee wetu, mama zetu, na ndugu zangu wa Lamu mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo!

Nyumba ya babu yetu tuliiuza ikiwa gofu. Dari ilikuwa imeanguka, boriti zimeliwa na mchwa, na kila mrithi alitaka fungu lake haraka. Mnunuzi akaniajiri mimi kuitengeneza. Tulitia boriti mpya, tukapiga chokaa, tukasafisha zidaka, tukarudisha mlango wa kuchonga. Baada ya miaka miwili aliiuza kwa mara kadhaa ya bei aliyotupa sisi. Mimi nilipata ujira wa siku tu.

Simlaumu. Alifanya ambalo sisi wenyewe tungeweza kulifanya.

Nami nikajaribu. Nilinunua nyumba kuukuu ya mawe, nikawa na haraka, nikapiga simiti juu ya kuta za matumbawe. Masika moja tu, chumvi ikatoka na plasta ikabanduka. Simiti huzuia unyevu ndani ya ukuta; chokaa huupitisha ukatoka. Nilianza upya, na faida yote ikaishia hapo.

Kwa hiyo nawausia mambo matatu. Kwanza, mirathi na hati zimalizwe kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa. Pili, mji wetu wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Tuombe ushauri na kibali kabla ya kugusa ukuta. Tatu, tuweke risiti zote. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na gharama za matengenezo hutolewa kwanza iwapo zina ushahidi.

Ombi langu ni hili: sehemu ya mchango wa leo iwe mfuko wa kuwakopesha warithi pesa za kutengeneza. Atakayepangisha alipe kidogo kidogo kwa kodi ya nyumba. Atakayeuza alipe siku ya kuuza. Mkopo ukirudi, uende kwa nyumba nyingine.

Anayetaka kuuza hatutamzuia, ni haki yake. Lakini auze nyumba, asiuze gofu. Na huenda akishaiona imesimama, moyo wake ukakataa kuiuza.