Mbunge Wako Amesema Nini?

Msikilizaji wa Ndama wilayani Karagwe, nchini Kenya mradi wa Mzalendo, ulioanza 2005, huonyesha nani kasema nini bungeni. Sisi Tanzania tuna Hansard, kumbukumbu rasmi ya vikao vya Dodoma, inayopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Tangu TBC ipunguze matangazo ya moja kwa moja ya vikao hivyo mwaka 2016, kisichosikika sharti kisomwe.

Lakini kuhesabu hotuba tu ni kupima kahawa kwa kelele za mashine ya kukoboa. Swali moja la nyongeza kuhusu bei ya kahawa ya maganda, likimbana waziri hadi akatoa ahadi yenye tarehe, lina uzito zaidi kuliko pongezi kumi. Wapo watakaosema mbunge mkimya huenda anachapa kazi kwenye kamati. Inawezekana, tena mbunge akiwa waziri, kama alivyowahi kuwa Innocent Bashungwa wa Karagwe, hujibu maswali badala ya kuyauliza. Huyo basi apimwe kwa majibu yake: chukua ahadi ya mwaka jana, isome kando ya bajeti ya mwaka huu, kisha uulize kwenye mkutano wa hadhara fedha zimefika wapi.