Yatima Anapofikia Utu Uzima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nanyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Fadhila za kumlea yatima mdogo tunazijua. Leo tunakukumbusheni siku ambayo malezi hayo husemwa kuwa yamekwisha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 zote zinamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya mayatima hufikia umri huo, akafunga sanduku lake, akaagwa kwa dua. Usiku ule atalala wapi? Akiugua, atamwita nani? Akitaka kuoa, nani atampelekea posa?

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametaja mambo mawili kabla yatima hajakabidhiwa mali yake: afikie umri wa kuoa, na aonekane kuwa na busara ya kuendesha mambo yake. Umri peke yake haukutosha. Tena mlezi ameamrishwa kumjaribu mapema. Wanavyuoni wakatoa mfano wa kumpa fedha kidogo ajizoeze kununua na kuuza. Na siku ya kukabidhi wawekwe mashahidi. Basi kumtoa yatima ni kazi yenye taratibu, si kumfungulia mlango tu.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa yatima. Babu yake alipofariki, yeye akiwa na miaka 8, alichukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali chache. Abu Talib hakumwacha mkono alipobaleghe. Waandishi wa sira wanasimulia kwamba alipomwoa Bibi Khadija, akiwa na miaka 25, Abu Talib ndiye aliyesimama kumsemea. Akaendelea kumhami mbele ya Makureshi mpaka mauti yalipomfika.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Aliye fundi na amchukue kijana huyo kujifunza kazi kabla hajatimiza miaka 18. Mwenye chumba na ampunguzie kodi mwaka wa kwanza. Kamati ya msikiti na iwaandike vijana hawa, kila mmoja apewe mzee wa kumwendea. Binti asiye na walii wa ukoo ataozeshwa na kadhi, lakini asikose mama wa kumshauri. Na siku ya Idi pasiwe na hata mmoja wao anayekula peke yake.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe walezi wasiochoka njiani, na uwaongoze vijana wetu katika kheri. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.