HOFU YA JUKWAANI NA MTIHANI WA VITENDO
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wahitimu na wanafunzi, Musoma)



Mimi ni mtumishi wa Serikali, si msanii. Lakini hapa ndipo niliposoma na kucheza michezo ya kuigiza, na mwalimu wa Sanaa za Maonyesho ameniomba nizungumze na vijana ambao muda si mrefu watasimama mbele ya mtahini. Ameniambia jambo lililonisumbua: wapo wawili, tena wenye vipaji, wanaotaka kuliacha somo kwa sababu ya hofu. Basi maneno yangu ni kwa hao wawili, ingawa wote mnaruhusiwa kusikiliza.

Kwanza tujue hofu yenyewe ni kitu gani. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, mdomo hukauka, pumzi huwa fupi. Ni nguvu ile ile inayomsaidia mchunga ng'ombe anapokabiliana na fisi. Mwili hautofautishi fisi na mtahini. Kwa hiyo kutetemeka si ushahidi kwamba huna kipaji. Ni mwili uliojiandaa kwa kazi. Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha majaribio yake juu ya watu waliotakiwa kuimba au kuhutubia mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana hamu ya kufanya jambo lile walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Basi usipigane na moyo wako. Uambie kuwa wakati wa kazi umefika.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Maandalizi yapo, nami nitayataja manne.

La kwanza, shika maana kabla ya kushika maneno. Sisi wa Mara tuna mfano wetu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule hapa Mwisenge mwaka 1934, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ikatoka mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtazameni Antoni katika mchezo ule. Anasimama mbele ya umati unaomsifu Brutasi. Anapomaliza, umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Mwanafunzi anayejua kwamba kila sentensi ya Antoni inausogeza umati hatua moja, hata akisahau neno atajua anakoelekea. Aliyekariri kama kasuku, neno moja likipotea, yote yamepotea.

La pili, jifunze kidogo kidogo kila siku, na ufunike kitabu. Kusoma mara kumi huku kitabu kiko wazi hukudanganya kwamba unajua. Funika, sema kwa sauti, kisha funua uone ulipokosea. Haba na haba hujaza kibaba. Kukesha usiku wa mwisho hakujazi kitu, kwa maana akili huyatuliza yale uliyojifunza wakati umelala.

La tatu, pumzi na sauti. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa huupunguza mwendo wa moyo. Fanya hivyo kila siku, ili siku ya mtihani isiwe jambo geni. Wala usishindane na upepo wa ziwa kwa kupiga kelele ufukweni, utaharibu koo. Sauti hutegemezwa na pumzi ya tumboni.

La nne, ukikosea, endelea. Usirudi nyuma, usiombe radhi, usimtazame mtahini. Mwenzako akikwama, mpe swali ndani ya mchezo wenyewe limrudishe njiani.

Sasa nigeukie Wahitimu wenzangu. Vijana hawa wamezoea kucheza mbele ya wenzao wanaocheka na kupiga makofi. Mtahini hacheki wala hapigi makofi, anaandika. Ukimya ule ndio unaowavunja moyo. Dawa ya ukimya ni kuuzoea. Napendekeza Jumamosi tatu kabla ya mtihani: ya kwanza, wahitimu wa Musoma tuje ukumbini, ya pili, walioko Bunda wawapokee vijana, ya tatu, walioko Butiama. Tukae kimya, na kalamu mkononi. Nauli tuchange, mimi nitaanza leo.

Kwa wazazi, nasema somo hili si mchezo wa kupoteza wakati. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa hizi tangu miaka ya 1960. Hata asiyekuwa msanii atafaidika: nimekaa katika vikao vingi vya ofisi ambamo hoja nzuri ilishindwa kwa kuwa mwenye hoja hakuweza kusimama na kuisema.

Nanyi wanafunzi mnaowazomea wenzenu wakikosea mazoezini, acheni. Mnawafundisha kuogopa, na somo hilo hulishika upesi kuliko yote.

Kwa wale wawili nina ombi moja tu. Msiamue leo. Kaeni mpaka Jumamosi ya tatu, mrudi kutoka Butiama, ndipo mwende kwa mwalimu mkamweleze uamuzi wenu. Vyovyote mtakavyoamua, mtakuwa mmeamua baada ya kujaribu.