KELELE CHINI YA BAHARI

Chukueni penseli, maana leo tuna hesabu.

Ninyi mliokulia pwani mnajua kwamba ukizama majini utasikia mashine ya mashua iliyo mbali kana kwamba ipo juu ya kichwa chako. Hewani sauti hwenda mita 340 hivi kwa sekunde moja. Baharini hwenda mita 1,500 hivi, tena hufika mbali zaidi kabla haijafifia.

Sasa twende Ulaya, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Ujerumani. Huko hujengwa mitambo ya kufanya umeme kwa upepo. Nguzo za chuma, nyingine zenye upana uliopita mita 6, hupigwa kwa nyundo kubwa mpaka zisimame imara chini ya bahari. Nguzo moja yaweza kupigwa mara maelfu.

Katika maji hayo huishi pomboo mdogo, ambaye urefu wake kwa kawaida haufiki mita 2. Yeye hutafuta samaki kwa masikio: hutoa mlio, kisha husikiliza mwangwi. Pomboo kiziwi hana chakula. Mwaka 2009, mitambo iitwayo alpha ventus ilipojengwa, wataalamu waliona pomboo wakikimbia hata umbali wa kilomita 20 hivi.

Kwa hiyo Ujerumani imeweka mpaka: kelele ya pigo moja, ikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo, isipite desibeli 160. Desibeli ni kipimo cha sauti. (Msizilinganishe na desibeli za hewani, hazianzi kuhesabiwa mahali pamoja.)

Kelele hii lazima ihesabiwe kabla nyundo haijapiga, kwa kuwa sikio lililokwisha haribika halirudi. Mhandisi hutazama nguvu ya nyundo, upana wa nguzo, kina cha maji, na kama chini ni mchanga au tope. Kisha huhesabu. Kwa kukadiria, kila umbali ukizidi mara mbili, toeni desibeli 4½. Tuseme kwenye mita 750 kelele ni 178. Kwenye mita 1,500 itakuwa 173½. Mita 3,000, 169. Mita 6,000, 164½. Kilomita 6, na bado imepita mpaka! Wala msidhani 18 zilizozidi ni kidogo: kila desibeli 10 ni nguvu mara 10, basi hizo 18 ni zaidi ya mara 60.

Dawa yake ni mapovu. Bomba lenye matundu hulazwa chini kuizunguka nguzo, hewa husukumwa ndani, na mapovu hupanda kama pazia na kuizuia sauti. Hata hivyo hesabu yaweza kukosea. Ndiyo sababu haidrofoni, yaani chombo cha kusikilizia majini, huwekwa pale pale mita 750.

Haya, fanyeni hii kabla ya somo lijalo: pazia likipunguza desibeli 15 katika zile 178, je, kazi iruhusiwe? Kwaherini.