Kwa Nini Mafunzo, Siyo Kiti Kingine cha Meno
(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wafadhili)



Wachungaji, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati na wafadhili wetu, nimeombwa nieleze kwa nini tunapendekeza kuwaendeleza madaktari wa meno tulio nao, badala ya kununua kiti kingine cha meno. Kiti hupendeza kwenye picha za taarifa, hilo nakubali. Lakini kiti hakiwezi kumtuliza mtoto wa miaka minne anayelia.

Daktari wa meno husoma chuoni miaka mitano. Matibabu ya watoto na upangaji wa meno hufundishwa, ila akifika hospitalini hukuta foleni ya watu wazima wenye maumivu, na kazi hugeuka kuwa ya kung'oa. Mtoto naye huletwa jino likiwa limekwisha kuoza. Linang'olewa, mzazi anaambiwa la ukubwani litaota.

Litaota, lakini wapi? Jino la utoto hulitunzia nafasi jino la ukubwani. Likitoka mapema mno, gego linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi huweza kusogea mbele, na jino linalofuata likakosa mahali pa kutokea. Gego hilo wazazi wengi hulidhani ni la utoto, kwa kuwa huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Likioza na kung'olewa, hakuna jingine.

Katika mafunzo haya daktari atajifunza kumzoesha mtoto matibabu bila kumshika kwa nguvu. Atajifunza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila mashine wala umeme, njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Iko pia dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha kuoza, ila huacha jino jeusi, na mzazi aelezwe kabla ya kupakwa. Halafu kuna vifaa vidogo vya kutunza nafasi ya jino lililotoka.

Kuhusu meno yaliyopinda niseme wazi: kozi fupi haimfanyi mtu kuwa bingwa. Kufunga nyaya meno yote ni kazi ya miaka, na mtoto anayeacha kuhudhuria katikati anaweza kubaki na madhara. Tunataka daktari atambue kasoro mapema, arekebishe zilizo ndogo, na ajue yupi wa kupelekwa kwa bingwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ufizi wake ukionekana umevimba, baadhi ya familia humpeleka kwa mganga, naye huchokonoa chonge ambazo hazijaota. Kuharisha hakuponi. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, na wapo wanaofariki. Anayepona anaweza kuota chonge za ukubwani zenye kasoro, au asizipate kabisa. Desturi hii imeandikwa na wataalamu wa nchi yetu tangu miaka ya 1980, na bado ipo. Daktari aliyefundishwa ataweza kuwaelimisha wauguzi wa kliniki za watoto, maana mama hufika kwao mapema kuliko kwa daktari wa meno.

Wafadhili tunawaomba mgharimie ada, nauli na vifaa vya mkono vya kila daktari atakayerudi kutoka mafunzoni. Naye atatia saini ya kubaki katika hospitali zetu kwa muda tutakaokubaliana.

Kwa sharika ombi letu halihitaji fedha. Wazazi na wasimamizi wanapokutana kwa mafundisho ya ubatizo wa watoto wachanga, tupeni dakika kumi tuzungumze nao juu ya meno ya plastiki. Wachungaji watakaokuwa tayari waniandikie tarehe zao kabla hatujatawanyika leo.